P Moja Tu

Sogea kidogo kwenye benchi, jirani, nami nikae. Mwambie mama anipimie chai ya rangi. Ya maziwa nitakunywa nikishamaliza deni. Leo nina malalamiko marefu, na yote yametokana na herufi moja.

Mimi unanijua. Nauza mawe ya sabuni hapa Tabaka, mwaka wa ishirini na mbili huu. Viboko, ndovu, mioyo ya kuwekwa mezani, seti za chesi ambazo mimi mwenyewe sijui farasi anaruka vipi. Miaka yote hiyo, sikuwahi kujiuliza kwa nini jiwe linaitwa la sabuni. Nilijua tu kwamba mtalii mmoja aliwahi kuniuliza kama linatoa povu, nami nikamjibu ndiyo, lakini kidogo. Usiniulize kwa nini. Aliniangalia kwa matumaini. Akanunua mawili. Mpaka leo gari lenye wazungu likisimama hapo stegi, najificha nyuma ya twiga kwanza.

Na si eti nilikuwa natapeli. Nilikuwa naamini. Nikiwa darasa la tatu nilijisugua shingo nzima kwa kipande cha jiwe kabla ya gwaride la asubuhi, maana nyumbani sabuni ilikuwa imeisha. Mwalimu wa zamu akaniuliza kama nimelala ndani ya posho mill. Shule nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, nikidhani ni mwingine.

Sasa Jumanne ile akaja Mfini. Mtu mrefu, mwekundu, mpole. Kizungu changu huisha pale bei inapoishia, lakini huyu alikuwa na subira. Akaokota kibakuli, akakisugua kwa kidole, akauliza, hii kazi yako? Nikasema yangu, ingawa kilichongwa na shemeji. Akacheka peke yake. Akaomba karatasi. Nikampa ile ya unga. Akaandika kitu kirefu kama foleni ya basari: SAIPPUAKIVIKAUPPIAS.

Akasema hilo ni neno la Kifini na maana yake ni mimi. Saippua ni sabuni, kivi ni jiwe, kauppias ni mchuuzi. Mchuuzi wa jiwe la sabuni. Akasema limeandikwa kwenye Guinness. Moyo ukaruka. Nilidhani ananinunulia bia. Kumbe ni kile kitabu cha rekodi za dunia. Eti neno hilo lina herufi 19, na ukilisoma kutoka mbele au kutoka nyuma ni lilelile. Akaniwekea kidole kwenye S ya mwisho, akanirudisha pole pole, S, A, I, P, P, mpaka tukafika S ya kwanza. V imekaa katikati peke yake kama chifu kwenye baraza, tisa huku, tisa kule.

Jirani, mimi mtoto wa Mugirango Kusini, kazi yangu iko kwenye kitabu cha rekodi! Nikauliza, kwa hivyo kwenu Ufini wako wengi kama mimi? Akasema hapana. Hakuna. Kwao jiwe lenyewe wanalo, linachimbwa sehemu za Juuka upande wa mashariki, lakini wao huliita vuolukivi, jiwe la kuchonga, na hulijengea meko kwa sababu likishika moto haliuachi haraka. Hilo neno refu ni la kuchezea tu. Umeona bahati yangu? Nimeingia kwenye kitabu, na kwa wenye lugha yao mimi si mtu, ni mchezo.

Akatoa oda. Sahani arobaini zenye neno hilo, apelekee marafiki zake. Shilingi mia mbili hamsini kila moja, yaani elfu kumi. Elfu tatu akaniachia palepale. Kufikia jioni zilikuwa zimebaki mia saba. Hiyo ni stori nyingine.

Ingekuwa ni wewe ungeenda nyumbani ukafanya kazi. Mimi nilipitia kwa mwalimu. Yule mstaafu pale karibu na misheni, mwenye kamusi nyingi kuliko kuku. Nilitaka tu kujisifu. Akaniketisha saa mbili.

Kumbe hii sabuni yetu imetembea kuliko dereva wa matatu ya Migori. Sisi neno tumelitoa kwa Waarabu wa pwani, sabun. Waarabu nao wana deni kwa Wagiriki na Warumi. Kirumi ni sapo. Na Warumi hawakuwa na neno hilo kwao, walilikopa kwa makabila ya kaskazini, wale mababu wa Wajerumani. Huko huko Wafini nao wakakopa saippua yao. Waingereza wakabaki na soap, Wajerumani Seife, Waholanzi zeep, Wafaransa savon, Waitaliano sapone, Wareno sabão, Wahispania jabón. Ukoo mmoja. Mimi na yule Mfini ni binamu kwa sabuni, yeye kwa njia ya baridi, mimi kwa njia ya Mombasa. Ningejua mapema ningemwomba elfu tano.

Lakini sikia hii. Mwalimu anasema sapo ya kwanza haikuwa ya kuoga. Mrumi mmoja aitwaye Plinius, yule aliyekufa mwaka wa 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba sapo ni mafuta ya mnyama na majivu, na watu wa kaskazini waliitumia kutia nywele rangi nyekundu. Na kwa Wajerumani, wanaume ndio walioipaka zaidi ya wanawake. Wanaume! Mimi hapa vumbi la jiwe limenigeuza kichwa cheupe nikiwa na miaka arobaini na sita, wajukuu wa watu wananiita omogaka, nikinunua rangi nyeusi ya nywele kwa siri kule Kisii mjini. Kumbe nilikuwa nafanya kazi ya asili ya sabuni.

Hapo ningeondoka ningekuwa salama. Lakini nikauliza, na jiwe lenyewe, huko nje wanaliitaje? Mdomo wangu huu. Mwalimu akafunua kitabu kingine. Wataalamu huliita steatiti, kutoka neno la Kigiriki la mafuta yaliyoganda, kwa sababu likishikwa linateleza. Wafaransa wana jina jingine lenye maana ya jiwe la vyungu. Waswidi husema täljsten, jiwe la kuchonga kwa kisu. Wajerumani husema Speckstein. Speck ni mafuta ya nguruwe.

Jirani, mke wangu ni Msabato.

Wewe unajua kazi zetu zilivyogawanywa. Mwanaume anachimba na kuchonga. Mama ndiye anakaa kwenye karai la maji na msasa, anasugua mpaka maji yanakuwa uji wa kijivu, mpaka jiwe linang'aa kama kipara cha mhubiri. Bila yeye mimi nina mawe tu, kama mto wowote ule. Nami nikaingia nyumbani nimejaa elimu. Nikamwambia, mama watoto, unajua Wajerumani wanaliita hili jiwe la mafuta ya nguruwe?

Akaweka msasa chini. Hivi, taratibu. Akafuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja. Akaniuliza, miaka hii yote nimekuwa nikisugua nguruwe? Nikasema si nguruwe, ni neno. Akaleta Biblia. Mambo ya Walawi, sura ya 11, akanisomea kwa sauti ya kuita jirani. Mwalimu alikuwa ameniambia kwamba Wafaransa wakimgombeza mtu husema wamempitishia sabuni. Usiku huo nilipitishiwa mche mzima.

Asubuhi nikajaribu njia ya Wahispania. Hao wakimsifu mtu ili wapate kitu husema wamempa sabuni. Sisi tungesema tunampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia, Bwakire, mama, hicho kitambaa kimekupendeza kweli. Akasema, msasa uko kwenye karai.

Nikakimbilia kwa mwalimu anisaidie. Mwalimu ni Mkatoliki, akaja na silaha ya Kikatoliki. Akamwambia mke wangu, mama, kule Rio kuna sanamu ya Kristo iliyosimama mlimani tangu 1931, mita 30, na mwili wote umevikwa vipande vya jiwe la sabuni, wenyeji huliita pedra-sabão. Mke wangu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa hivyo kwanza ni nguruwe, na sasa ni sanamu. Mwalimu akaaga bila kunywa chai.

Basi nikabaki mwenyewe na sahani arobaini. Umewahi kusugua jiwe siku tatu? Ncha za vidole zinalainika mpaka simu haikutambui ukiigusa. Mgongo unalia. Watoto wanapita wanachungulia, wanaenda kumpa mama yao ripoti. Ijumaa jua lilipotua Sabato ikaingia, hata kubembeleza kukawa hakuna maana.

Nikapaka rangi nyeusi, nikakaa nichore herufi kwa ncha ya msumari. Kazi hiyo ukikwaruza rangi, weupe wa jiwe unatokea, na umetokea. Hakuna raba. Sahani ya kwanza nikaandika nikitazama karatasi ya unga. Nilipofika KAU, nikaona ukingo umekaribia. Zimebaki P, P, I, A, S, na nafasi ni ya herufi nne. Nikafikiri. Nikajiambia, P hii na P ile si ni P? Kwetu hakuna neno linaloandika P mara mbili zikifuatana. Paka ana moja na anaishi vizuri. Nikaandika moja. Ikakaa sawa kabisa, duara zuri. Sahani ya pili nikanakili kutoka ya kwanza. Ya tatu kutoka ya pili. Karatasi ya unga ikawashiwa jiko.

Mke wangu ndiye huwa anakagua. Yeye ana jicho la kuhesabu chenji. Lakini alikuwa kwenye mgomo.

Jumatatu Mfini akafika na bodaboda, anatabasamu. Akachukua sahani ya juu, akaweka kidole kwenye S ya kwanza, akaenda mpaka mwisho. Akarudi kutoka mwisho. S, A, I, P, kidole kikasimama. Akaanza tena. Kikasimama palepale. Akachukua ya pili. Akachukua ya kumi. Mimi nilikuwa nimeanza kumweleza kuhusu paka. Alikuwa mpole mpaka mwisho, jirani, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Angenipitishia hata kipande ningejua pa kujitetea. Akapiga picha sahani moja, akaichukua, akasema elfu tatu nibaki nazo. Nilikuwa nimebaki na mia mbili.

Fikiria, hapa hapa ndipo alipotoka Elkana Ong'esa, ndege wake wa amani amesimama Paris kwenye makao ya UNESCO. Na hapa hapa nimetoka mimi, niliyeshindwa kupata nafasi ya P.

Mwalimu alikuja kunipa pole. Akanieleza kwamba Kiswahili kinapata shida na michezo hiyo kwa sababu maneno yetu huishia na irabu, kwa hivyo lazima yaanze na irabu pia. Tuna ewe, tuna ama. Kisha akakaa kimya, akahesabu kwa vidole, akaruka kutoka kwenye kiti. Atakata! Mbele atakata, nyuma atakata. Na akikata vipande vipande, atakatakata! Herufi 11! Akafurahi kama aliyepata mtoto. Nikamwambia mwalimu, tafadhali, usinitajie herufi kwa wiki moja.

Lakini kabla hajaondoka akamwambia mke wangu jambo jingine, safari hii kwa uangalifu. Kwamba Norway, mji wa Trondheim, kuna kanisa kuu la Nidaros, walianza kulijenga 1070, na limejengwa sana kwa jiwe hili hili. Kanisa lenyewe, kuta, si sanamu. Mke wangu akauliza, na hao wanaliitaje? Mwalimu akasema kleberstein. Maana yake? Inasemekana limetokana na mawe ya uzito yaliyoning'inizwa kwenye nyuzi za mtambo wa kufumia. Mke wangu akatafakari. Nyuzi hazina ubaya. Akachukua msasa.

Sasa zile sahani thelathini na tisa amezichukua yeye. Anazipanga sokoni karibu na wauza ndizi, shilingi hamsini moja, za kuwekea kipande cha sabuni pale karai lilipo. Zinaenda! Juzi nilipita nikijifanya nanunua mboga. Mteja mmoja anapitisha kidole kwenye maandishi, anauliza, mama, hapa pameandikwa nini?

Mke wangu hata hakuinua kichwa. Akasema, ni jina la mume wangu.

Na tangu jana, jirani, kule stegi wananiita Kaupias.