Toyota Mpya au Porsche Kuukuu? Mwongozo kwa Mgonjwa wa Magari

Ugonjwa huu huanza usiku. Mtu mzima, ana watoto shuleni na mkopo wa SACCO, saa saba za usiku yuko macho akitazama makalio ya gari kwenye simu. Mwenzake akigeuka kitandani na kumuuliza anatazama nini, anajibu, "Habari." Kesho yake kazini anachora safu mbili kwenye karatasi. Kushoto ni Toyota GR86 mpya, plastiki bado ziko kwenye viti. Kulia ni Porsche 911 iliyokwisha kula chumvi nyingi. Anajumlisha, anajumlisha tena, na hesabu za chini zinakataa kuachana. Hapo ndipo homa inapopanda.

Mwongozo huu ni wake. Sina nia ya kumponya, maana nami naipenda 911 tangu nikiwa mtoto wa kubandika picha ukutani. Ninachotaka ni kwamba akishapona, shamba la baba yake liwe bado liko.

Hatua ya kwanza ni kusema nyumbani. Gari la michezo halifichiki. Kwa mujibu wa karatasi, Toyota hii na Porsche ile kila moja ina viti vinne, na karatasi haisemi uongo ila imekataa kutaja miguu. Kiti cha nyuma kinatosha mkoba, koti, na mtoto ambaye hajajifunza kulalamika. Shangazi akija kutoka kijijini na gunia la viazi na kuku wawili, itabidi mkae kikao kuamua nani apande basi. Kikao hicho ni heri kifanyike kabla pesa hazijatoka.

Hatua ya pili, wajue wagombea. Wana damu inayokaribiana kuliko watu wanavyodhani. Yote mawili yana injini ya boksa: pistoni zimelala ubavu zikitazamana, zinarushiana ngumi mchana kutwa bila mshindi. GR86 ilitengenezwa na Toyota pamoja na Subaru, na huundwa kwenye kiwanda cha Subaru huko Gunma, Japani. Injini yake ni ya lita 2.4, silinda nne, inakaa mbele na kusukuma magurudumu ya nyuma, ikiwa na nguvu za farasi takriban 230. Ilipoingia Marekani kama gari la mwaka 2022, bei yake ilianzia karibu dola 28,000. Kwa gari la aina hii, hiyo ni bei ya huruma.

911 ina silinda sita, na injini yake imeketi nyuma kabisa, ng'ambo ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo mhandisi mwingine yeyote angeweka tairi la akiba. Ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963 kwa jina la 901, Peugeot wakalalamika kwamba namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati ni zao, nayo ikabatizwa upya. Ile ambayo mgonjwa wetu anaitazama usiku kwa kawaida ni ya kizazi kiitwacho 996, kilichoanza mwaka 1997. Hiyo ndiyo 911 ya kwanza kupozwa kwa maji badala ya upepo, yenye farasi 300 hivi. Wapenzi wengi wa 911 waliichukia kwa sababu ya taa zake zilizofanana na yai lililopasuka. Chuki hiyo ndiyo iliyoshusha bei yake, na kwa hilo tuwashukuru.

Sasa hatua ya tatu, na hapa naomba uvute kiti.

Bei ya gari huzeeka. Bei ya vipuri vyake haizeeki. 911 hiyo ilipokuwa mpya Marekani iliuzwa kwa zaidi ya dola 65,000, na kila kilichomo ndani yake kilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeweza kulipa dola 65,000. Wewe umeinunua kwa sehemu ya fedha hizo, lakini sahani za breki hazina habari na mapatano yako. Tairi nazo hazikuwepo mkipeana mikono. Tairi za nyuma za 911 ni pana kuliko za mbele, kwa hiyo huwezi kuzizungusha mbele na nyuma ili zilike sawasawa. Za nyuma zikiisha zimeisha, na mara nyingi huisha mapema. GR86 ina tairi za kipimo kimoja pande zote nne. Zungusha utakavyo.

Kisha kuna beringi. Ukikutana na watu watatu wanaozijua Porsche, wawili watakutajia beringi hii kabla hawajakuuliza hujambo. Injini ya 996 ya kawaida, na ya Porsche Boxster ya miaka hiyo, ina shafti ya kati inayopeleka mzunguko kwenye shafti za vali. Mwisho wa shafti hiyo kuna beringi ndogo, unaweza kuifumbata kwenye kiganja. Ikivunjika, mnyororo hupoteza mpangilio, vali hukutana na pistoni, na injini nzima inakuwa ya kupimwa kwa kilo. Si kila gari hupatwa. Mengi yangali barabarani hadi leo. Ila hakuna dalili ya kutegemewa inayokuja mapema kubisha hodi. Dawa yake ni kuibadilisha siku klachi inapobadilishwa, kwa sababu giaboksi imekwisha shushwa na kazi kubwa imekwisha lipiwa. Muulize muuzaji swali moja tu: "Ilibadilishwa lini, na risiti iko wapi?" Akikuambia 911 ni gari imara la Kijerumani, hajajibu.

Kizazi kilichofuata, 997, kilipata beringi kubwa zaidi, ambayo haitoki bila kupasua injini katikati. Kuanzia magari ya mwaka 2009 shafti hiyo iliondolewa kabisa. Na 996 za Turbo na GT3 zina injini ya ukoo mwingine, ya mhandisi Hans Mezger, isiyo na tatizo hilo. Zina bei yake pia. Huko sikupeleki leo.

Hatua ya nne ni ukaguzi. Hapa mgonjwa huwa mvivu kwa sababu tayari ameshapenda, na aliyependa huona kutu akadhani ni mapambo. Lakini Porsche ina kipaji ambacho mnunuzi anapaswa kukitumia: kompyuta ya injini yake haisahau. Dereva wa zamani alipotaka gia ya tano akaingiza ya tatu, injini ikalia kupita kipimo, kompyuta iliandika. Iliandika pia injini ilikuwa imefanya kazi saa ngapi wakati huo. Fundi mwenye mashine sahihi huyasoma yote kwa muda mfupi. Chukua kilomita za kwenye dashibodi, ugawanye kwa saa za injini. Kama gari linadai kilomita 60,000 na injini inasema imefanya kazi saa 4,000, maana yake limetembea maisha yake yote kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mwendo wa baiskeli ya maziwa. Mmoja kati ya hao wawili anadanganya, na kompyuta haina gari la kuuza.

Gari likitoka Japani, omba karatasi ya mnada, ya asili. Isome kama barua ya posa. Herufi R mahali pa alama ina maana liligongwa likatengenezwa. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipokandikwa na kupigwa rangi upya. Karatasi hiyo huandikwa na mkaguzi asiyekujua na asiyekuhurumia, ndiyo maana namwamini kuliko picha kumi zilizopigwa jua likizama.

Kwa mgonjwa wa Nairobi au Mombasa, sheria inamsaidia kufikiri. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto. Kwa hiyo 996 ya ndoto zako, kama haijaingia nchini tayari, haitaingia. Uganda ukomo ni miaka 15. Tanzania haifungi mlango, ila gari kuukuu hulipa ushuru wa ziada kwa ajili ya uzee wake. Mkenya anayetaka 911 ana njia mbili: atafute iliyokwisha kuwa hapa, yenye wamiliki wanaoweza kuulizwa, au alete ya miaka ya karibuni. Na hii ya karibuni KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, huikadiria kwa kuanzia bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha inapunguza kadiri ya umri. Juu ya hapo unapanda ushuru wa forodha, juu yake ushuru wa bidhaa, na juu ya vyote VAT ya asilimia 16. Mkadiriaji wa ushuru na muuza vipuri ni ndugu: wote wawili wanakumbuka gari lako lilipokuwa bi harusi.

Kuna faraja moja ndogo, na naitaja kwa sababu nimeiona ikifanya kazi mtaani. Gari likisajiliwa leo hupewa namba ya leo. Lina miaka saba, limezeeka Yokohama, lakini jirani akiona namba mpya anakuja kukupa pongezi za gari jipya. Pokea pongezi hizo. Usizilipie.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Watu huniuliza kama gari lililotumika linaweza kushinda jipya, nami huwajibu kwa kisa cha mbio za Safari Rally. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa ya kisasa. Ilikuwa imekwisha tumika mashindanoni na timu ya kiwanda kabla yao. Wenye magari mapya walibaki nyuma. Kilichowashinda ni mikono: Joginder alikuwa makanika, aliyekulia kwenye kazi ya gereji. Alijua Volvo ile inaumwa wapi kabla haijaanza kukohoa.

Porsche nao walikuja Safari na fedha zao. Walikuwa wa pili mwaka 1972, wa pili mwaka 1974 na Björn Waldegård, wa pili tena mwaka 1978 na Vic Preston Jr wa hapahapa Kenya. Mwaka huo wa 1978 aliyewashinda alikuwa Peugeot, walewale wa sifuri katikati. Hawakuwahi kuishinda. Kisha mwaka 2011, Waldegård, akiwa amepita miaka 60, akarudi kwenye East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani, na 911 kuukuu iliyofumuliwa na kufungwa upya na mafundi wanaoishi na 911 kila siku. Akashinda. Gari lilikuwa na umri wa kupumzika. Mafundi hawakuwa na nafasi ya kupumzika.

Basi chagua fundi kwanza, gari baadaye. Injini ya GR86 ni ya ukoo wa Subaru, na Nairobi ina mafundi wa Subaru waliozijua boksa tangu wakiwa vijana wa kushika tochi. Kule Grogan, kwenye maduka ya vipuri, utapata spea, utapata ushauri wa bure, utapata na mtu wa kukubishia. Kwa 911, hesabu mafundi unaoweza kuwataja kwa jina. Kama ni mmoja, jua anapokwenda likizo.

Na fedha: nawashauri wanaoniuliza kwamba bei ya 911 kuukuu isizidi theluthi mbili za fedha walizonazo. Theluthi iliyobaki ikae benki ikisubiri, maana itaitwa. Kama theluthi hiyo haipo, chukua Toyota na usione haya. Ni gari la furaha tele, na utaliendesha kwa nguvu, kwa sababu hutaogopa kila mlio. Gari la bei ya juu lililoegeshwa kwa hofu ya gharama linamfurahisha mlinzi wa geti peke yake. Nimemwona rafiki yangu mmoja akiwa na 911 nzuri ajabu, anaiwasha Jumapili, anaisikiliza ikinguruma, anaizima, anaingia ndani kunywa chai. Iliniuma kuliko ajali.

Tena utaendesha wapi? Nairobi Expressway ina kilomita 27 na ukomo wa 80 kwa saa. Huko 911 inasinzia. Mtaani kuna matuta, mengine hayana rangi wala adabu, na bampa la mbele la gari lolote kati ya haya mawili litayasalimia kwa kifua. Raha yenyewe iko Barabara ya Magadi, ukishapita Kiserian, alfajiri ya Jumapili kabla ng'ombe hawajavuka, pale barabara inapoanza kuteremka na kona zinakuja moja moja kama zinajitambulisha. Pale farasi 230 zinatosha kabisa. Pale pia silinda sita nyuma ya mgongo wako ni jambo ambalo sitajaribu kulieleza kwa maandishi. Ukipata nafasi ya kujaribu yote mawili kwenye barabara hiyo kabla ya kulipa, itumie, hata ikibidi umlipie mwenye gari petroli na kifungua kinywa.

Ukirudi, usitume pesa siku hiyo. Mpigie fundi wako. Msalimie, muulize watoto, kisha mwambie: "Mzee, hili gari ukilifungua injini, vifaa vya kulifunga unavyo?" Halafu nyamaza usikilize. Akijibu papo hapo, na kukutajia anakopata vipuri na huchukua siku ngapi, nenda kaichukue 911 yako. Akiguna kwanza, chukua Toyota.