Sinki la Kauri na Fundi wa Kwenye Simu

Kwenu nyote wa Lodwar, na ninyi wa Kakuma mtakaosomewa barua hii dukani kwa binamu,

Mama, acha kwanza kuuliza habari za mchumba. Nilichopata huku ni sinki.

Stoke-on-Trent ninakoishi ni mji wa udongo. Josiah Wedgwood alianza kazi yake ya vyombo Burslem mwaka 1759, na miaka ya 1880 Thomas Twyford akawa anatengeneza vyoo vya kauri hapa hapa. Zamani matanuri marefu yenye umbo la chupa yalijaa mitaani, na moshi wa makaa ukaziba jua. Siku hizi yamebaki machache ya kutazamwa na wageni. Moshi umekwisha, jua limeachiwa nafasi yote, na bado halijitokezi.

Katika mji kama huu mwenye nyumba haweki sinki la chuma kama lile la Mjomba lililopanda basi kutoka Kitale. Anaweka la kauri, jeupe, zito zaidi ya kilo 30. Na kwa kuwa huyu wetu anapenda fedha zake kuliko wapangaji wake, alinunua la daraja la pili. Huku kuna maduka yanayouza vitu vilivyotoka tanurini na kasoro: sahani iliyopinda, kikombe chenye chunusi. Sahani ikipinda unakula tu, mchuzi utajua pa kwenda. Sinki likipinda, nalo linaamua lenyewe mchuzi uende wapi.

Basi usiku mmoja nikasikia: to, to, to, ndani ya kabati la jikoni. Wenzangu wa nyumba, Waingereza watupu, hawakugeuka hata ubavu. Niliwaelewa baadaye. Mwingereza mmoja hutumia kama lita 140 za maji kwa siku. Kipimo ambacho UNHCR hulenga kumfikishia mkimbizi ni lita 20, yaani mtungi mmoja, na ninyi wa Kakuma mnaijua foleni ya huo mtungi. Mtu wa mitungi saba kwa siku atashtuliwa na tone? Lakini mtu aliyefukua mchanga wa mto Tarach kwa mikono akingojea maji yapande, usimwambie alale wakati maji yanaanguka bure. Nikatega sufuria. Asubuhi nikamwagilia ua la dirishani. Likafa. Huku mimea hufa kwa kushiba.

Fundi wa mabomba aliyepigiwa simu alitaja bei ya kuja tu kuangalia, kabla hajashika spana. Nikaibadili kwa bei ya soko la Lodwar, nikapata mbuzi wawili, mmoja ana mimba. Nikakata simu kwa adabu, nikampigia Mjomba, fundi wetu wa mabomba.

Mjomba, heshima yako iko palepale, lakini lazima wasikie. Nililala chali ndani ya kabati, simu mkono mmoja, tochi mdomoni, matone yakinidondokea jichoni, na swali la kwanza la Mjomba likawa: “Mbona umeniita nitazame birika la kunyweshea ngamia?” Nilipomweleza kwamba hapo ndipo panapooshwa vikombe, akatoa dawa ileile anayoitoa kwa kila bomba kuanzia Kainuk hadi Lokichoggio: tepu nyeupe. Tepu, Mjomba, ni ya bomba linaloingia kwenye bomba, uzi kwa uzi. Weisti ya sinki, ile shingo ya kutolea maji machafu, haizibwi na uzi. Huzibwa na washa, moja juu, chini ya ule ukingo wa chuma unaoonekana ndani ya sinki, na nyingine chini, pale nati inapobana kauri.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya matanuri, akaingia bila kubisha akaniambia nipitishe kidole kuzunguka tundu. Nikakuta kilima. Udongo ukichomwa hupungua, na wa chombo kikubwa kama hiki unaweza kupungua karibu sehemu moja ya kumi; usipopungua sawasawa pande zote, kikao cha weisti hupinda. Ukingo wa chuma umenyooka, kauri haikunyooka, na katikati yake maji hupita bila kumwomba mtu ruhusa. Kukaza nati zaidi hakusaidii. Kauri haijui kupinda. Hupasuka, na hapo deni la mwenye nyumba linakuwa lako.

Kisha akanionyesha mambo ya tundu la pili. Sinki hizi huitwa za Belfast, na ubavuni juu zina tundu la kupokea maji yakizidi. Wanasimulia kwamba zile za London hazikuwa nalo, kwa kuwa London maji yalikuwa ya kubania na hakuna aliyeyaacha yajae hadi juu. Belfast walikuwa nayo ya kuchezea. Nilipomtafsiria Mjomba, simu ilinyamaza kidogo nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza: “Na sinki la Kakuma, hao wazee wangelitoboa tundu la nini?”

Maji ya tundu hilo la juu hushuka ndani ya ukuta wa kauri na kuingia kwenye weisti kupitia mianya iliyochongwa ubavuni mwake. Kwa hiyo yanaikwepa washa ya juu kabisa. Mlinzi wake ni washa ya chini peke yake, na yetu ilikuwa ngumu, imekauka, imepasuka. Ili kuhakikisha, nilichemsha turungi nzito, nikaimimina tundu la juu. Matone yaliyotoka kwenye nati yakawa ya rangi ya chai. Mzee aliridhika na jibu ila aliumia moyoni. Huku kumwaga chai nzima isiyo na maziwa ni makosa mawili kwa mpigo.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu kuliko nguvu. Unafungua bomba la chini, unalegeza nati, unakwangua mabaki yote ya gundi ya zamani, unakausha kauri hadi isitoe hata jasho. Nilitumia mashine ya mwenzangu ya kukaushia nywele, na naomba barua hii isimfikie. Unazungushia silikoni ya kutosha chini ya ukingo ili ijaze lile bonde la kando ya kilima, unaulinganisha mwanya wa weisti na njia ya tundu la juu, unaweka washa mpya nene ya mpira chini ukiipaka silikoni pia, unakaza kwa mkono, halafu robo mzunguko kwa spana. Kisha unaacha sinki siku nzima lisiguswe na maji.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yangu. Wenzangu walitangaza kwamba jikoni kumefungwa, wakaagiza chakula cha kwenye maboksi. Mimi nikaosha sufuria, sahani na vikombe vyote kwa karai moja na jagi moja, na maji ya mwisho nikafutia sakafu. Walisimama mlangoni wakitazama kama niko kwenye televisheni. Kesho yake tukajaza sinki hadi tundu la juu, tukaachia. Kabati likawa kavu. Nimesoma, nimepanda ndege, na kazi iliyonipatia heshima ughaibuni ni kuhakikisha maji masafi yanapotea bila kuvuja.

Sasa binamu wa Kakuma, uliyeomba picha ya sinki ili ununue kama hilo kwa nyumba mpya. Wewe ni yuleyule uliyeanza kuchagua vigae vya bafu mwaka 2013 walipotangaza bahari ya maji chini ya uwanda wa Lotikipi, kabla hayajapimwa yakakutwa na chumvi. Usinunue kauri. Chukua la chuma, na chini yake usiunge bomba lolote. Weka ndoo. Ikijaa, mwagilia mwarobaini. Weisti ikivuja, itavujia ndani ya ndoo hiyohiyo.