Chupa ya mchanga

Wa kwanza kulalamika ulikuwa mlango wa chumba cha watoto. Ulikataa kufunga, nikaupiga randa. Baada ya mvua mbili tatu ukakataa tena, nikachukua randa tena. Mama watoto akanishika mkono: "Papa, mlango hauna kosa. Angalia ukuta." Ufa ulikuwa umepanda kutoka sakafuni mpaka dirishani, na kalamu ya mtoto iliingia humo nzima.

Hapa kwetu Kalemie, Kongo, ufa hautazamwi hivi hivi. Tarehe 5 Desemba 2005, saa nane mchana, tetemeko la 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika na nyumba kadhaa za mji wetu zikaanguka. Halafu kuanzia 2020 ziwa likapanda. Mto mmoja tu unatoka humo, Lukuga, nao unaanzia hapa kwetu. Mitaa ya ufukweni ikafurika; sisi wa juu kidogo tukabaki na udongo uliolowa chini kwa chini.

Tukamwita mzee mmoja, masoni wa zamani. Alichimba kando ya ukuta, akashika kipande cha fondasio, akakifikicha kwa vidole viwili tu kikawa vumbi. Hakusema neno. Aliomba chupa, akatia mchanga uliobaki wa ujenzi, akajaza maji, akatikisa, akaiacha dirishani. Asubuhi mchanga ulikuwa umetua chini, na juu yake tope la unene wa vidole vitatu. "Simenti haishiki tope, mwanangu. Ulinunua mchanga wa karibu kwa sababu ni rahisi."

Nikaenda ofisi moja kuomba msaada. Niliambiwa orodha ni ya waliofurikiwa. Nyumba yangu haikuingia maji.

Lakini huko Donegal, Ireland, maelfu ya familia waliona kuta zao zikimomonyoka kwa sababu ya matofali mabovu ya saruji. Waliandamana kwa miaka, na mwaka 2022 ikatungwa sheria ya serikali kuwalipia kujenga upya. Kosa lililofichwa ndani ya nyumba, mwenye nyumba hawezi kuliona, wala kulibeba peke yake.

Nyumba yetu ilibebwa na likelemba ya mama watoto, ule mchango wao wa kupokezana. Wenzake walimpa zamu yao. Tulichimba mita moja, tukamwaga zege jipya, likakauka, tukahamia mita nyingine; watoto wakilala kwa jirani miezi miwili.

Serikali yetu haina fedha za Ireland, najua. Lakini iweke mtu mmoja kila mtaa, apite kabla msingi haujamwagwa, aombe mchanga na maji. Huo nao ni msaada, na unafika kabla ya ufa.

Chupa ile haikai tena dirishani kwangu. Leo iko parseli ya tatu, kwa kijana anayechimba msingi wake. Nimemwambia asubiri mpaka asubuhi.