Sifa za Nukta ya COBOL

Wengine wasifu wafalme, wengine wasifu ngamia. Leo naisifu nukta: ile inayofunga sentensi ya COBOL, isiyoonekana hata kwa miwani, lakini yenye amri kumshinda DC wa mkoloni, enzi ambazo Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa na asiye na kibali haingii.

Kwanza ukoo wake, maana nukta hii haikuokotwa jaani. COBOL, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilianza kubuniwa mwaka 1959 nchini Marekani, Wizara ya Ulinzi ikiunga mkono, na mmoja wa wazazi wake ni lugha ya FLOW-MATIC, kazi ya Grace Hopper. Waasisi walitaka lugha ambayo hata meneja asiyejua kompyuta angeisoma kama barua ya ofisi. Na barua gani yenye heshima isiyo na nukta?

Sasa matendo yake. Tuseme kijana wa Lodwar anajifunza masharti, yaani IF, kwa zoezi la kuhesabu wageni wa Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, ambako wanaotafuta hifadhi hupokewa kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mtoto wa chini ya miaka mitano aongezwe kwenye hesabu ya watoto, kisha aandikiwe uji:

IF UMRI < 5
    ADD 1 TO WATOTO
    ADD 1 TO VIKOMBE-VYA-UJI.

Mkono ukiteleza, nukta nyingine ikatua baada ya WATOTO, sharti limeishia hapo hapo. Mstari wa uji sasa hauna bwana, unamtumikia kila apitaye. Wazee wenye mvi wameandikiwa uji wa watoto, na dereva wa lori naye akihesabiwa, anapata kikombe chake. Kompaila, mfasiri wa programu, haisemi kitu, kwa kuwa sarufi ni safi. Ni mfadhili gani mwingine aliyewahi kulisha umma kwa gharama ndogo hivyo? Lau kungekuwa na ELSE, yaani la sivyo, chini yake, kompaila ingepiga kelele kwa kuiona yatima. Nukta yetu, kwa hekima, hupendelea mahali pasipo na ELSE.

Tazama na nguvu zake. Masharti yakipandana, IF ndani ya IF ndani ya IF (ana barua? ana jamaa Kakuma? ni mgonjwa?), nukta moja huyafunga yote kwa pigo moja. Mpinzani wake END-IF, aliyeletwa na kanuni za mwaka 1985, hufunga IF moja tu, kisha huomba wenzake waje kumalizia. Herufi tano na kistari kwa kazi ya mlango mmoja! Huo si ubadhirifu?

Wako wanaotaka kuifukuza. Wafanye taratibu. Ndani ya programu za zamani kuna amri iitwayo NEXT SENTENCE, nayo huruka hadi baada ya nukta inayofuata. Ukizing'oa nukta za katikati ukidhani unafagia nyumba, amri hiyo itaruka mbali zaidi, ipite kazi za watu bila kuzigusa, na hesabu ya jioni itatoka pungufu. Nukta hulipiza kisasi hata isipokuwapo.

Tena haistaafu. Aprili 2020, maombi ya fidia ya wasio na kazi yalipoizidi mifumo ya New Jersey, Gavana Phil Murphy alijitokeza hadharani akiomba wajuzi wa COBOL. Gavana mzima akiwasaka watumishi wa nukta!

Basi, kijana, itukuze ipasavyo. Usiitembeze ovyo katikati ya sharti. Kila IF ipate END-IF yake, na mtukufu mwenyewe umkalishe peke yake mwishoni mwa aya. Mkubwa anayeweza kulisha mji mzima uji bila idhini hapewi viti viwili.