Ukitaka Kuitwa Fundi Stadi, Danganya Hivi

Mteja ameingia karakanani na flenji moja mkononi. Anataka 200 kama ile, kila moja na matundu manne ya milimita 10, na anataka ukizipanga juu kwa juu bolti ishuke kutoka ya kwanza hadi ya mwisho bila kupigwa nyundo. Wewe umeshasema, "Hakuna shida, bosi." Sasa ameondoka na advansi imeshaliwa nusu. Aliyebaki kwenye mashine ya kutoboa ni kijana aliyeanza kazi wiki iliyopita.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kumfundisha kijana kupima, kuchora, kupiga senta panchi na kutoboa mpaka mkono wake utulie. Ni njia nzuri, na mteja wako atakuwa mzee itakapokamilika. Ya pili ni kudanganya. Nakushauri udanganye, na kwa kuwa nakutakia mema, nitakuonyesha udanganye vizuri.

Kifaa cha udanganyifu huu ni jigi. Inakishika kipande mahali pale pale kila mara, na inaiongoza biti ishuke pale pale kila mara. Ikishika tu bila kuongoza biti, kama kwenye mashine ya milingi, huitwa fiksha, ila nia ni moja. Ustadi wako unaumwaga ndani ya chuma siku moja, halafu yeyote mwenye mikono miwili anauazima.

Usione haya, maana wakubwa wametutangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, jeshi la majini la Uingereza lilihitaji kapi za mbao za matanga kwa maelfu. Marc Brunel alibuni mashine, Henry Maudslay akazitengeneza, na kwenye bandari ya Portsmouth watu 10 wasio mafundi wakafanya kazi iliyokuwa ya mafundi 110. Mwaka 1808 walitoa kapi 130,000. Mimi huipenda zaidi mashine yao ya kutoboa. Vibano vyake viliacha alama kwenye mbao, na mashine zilizofuata zilishika kapi kwenye alama zile zile. Hakuna aliyehitaji kupima upya. Huo ndio udanganyifu ninaotaka uuige.

Kwanza: piga hesabu kabla hujajisifu

Uvivu pia una bei. Tuseme kuchora na kutoboa flenji moja kwa mkono ni dakika 12, na kwa jigi ni dakika 4. Unaokoa dakika 8. Jigi yenyewe ikikugharimu siku mbili za saa nane, hizo ni dakika 960. Gawa kwa 8, unapata 120. Chini ya flenji 120 unajitengenezea pambo, na kwa flenji 10 chukua senta panchi, nenda nyumbani mapema. Kwa 200 umeshinda, na bado sijahesabu zile ambazo zingetupwa kwa kutobolewa kombo.

Pili: inyime flenji uhuru

Hapa usikimbie, maana jigi nyingi hufa kwenye hatua hii.

Kitu kikiachwa huru kina namna sita za kusogea: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, halafu kuzunguka kwa kufuata kila moja ya njia hizo tatu. Kazi yako ni kuziziba zote sita, kila moja mara moja tu. Kwa kipande cha pembe nne, weka vituo vitatu chini ya uso mkubwa, viwili ubavuni kwenye upande mrefu, na kimoja kichwani. Tatu, mbili, moja. Ukiongeza cha saba kwa kuogopa, kipande kitagusa sita leo na sita vingine kesho, na hutajua ni vituo vipi.

Flenji yako ni ya duara, nayo imeshapita kwa mkerezaji, kwa hiyo ina tundu safi la katikati. Ishike hapo hapo. Simika kigingi cha duara kwenye bamba la chini, flenji ikivae na uso wake ulale kwenye bamba. Kigingi kiwe kifupi. Kikiwa kirefu kitabishana na bamba juu ya nani anayeamua flenji ilale vipi, na kijana atamaliza ubishi huo kwa nyundo.

Imebaki kuzunguka. Toboa tundu la kwanza popote, kisha tia pini kupitia bushi yake, yaani kibomba cha chuma kinachoongoza biti, hadi ndani ya tundu lenyewe. Flenji haizunguki tena, na matatu yaliyobaki yanajipanga. Pini moja ya bei ya soda imefanya kazi ya jicho la fundi mkuu, nawe utasifiwa kwa jicho hilo.

Tatu: pima kwa uchoyo

Bamba la juu ndilo linalobeba bushi nne, na hapa peke yake ndipo nakuomba ujitese. Kosa lolote utakaloweka kwenye bamba hili utalirudia mara 200, kwa uaminifu mkubwa. Mteja akiruhusu tundu lihame kwa milimita 0.3, jigi yako isile zaidi ya theluthi yake, yaani 0.1. Zinazobaki waachie biti butu, mashine yenye umri, na kijana. Huna kifaa cha kupima hivyo? Mpelekee bamba hilo moja jirani mwenye mashine ya milingi iliyo sawa, umlipe. Hakuna atakayejua.

Nne: bushi, na pumzi yake

Biti ikipita kwenye bamba tupu la chuma laini italila, na ukifika flenji ya hamsini tundu la bamba litakuwa na umbo la yai. Weka bushi ya chuma kilichokomazwa. Urefu wake uwe mara moja na nusu hadi mbili ya upana wa biti: kwa biti ya milimita 10, bushi ya 15 hadi 20. Fupi zaidi ya hapo haiongozi.

Sasa siri ambayo wengi wanaikosa. Bushi isikalie flenji. Acha mwanya ili mabaki ya chuma yapate pa kutokea. Chuma cha kusubu hutoka unga, kwa hiyo nusu ya upana wa biti inatosha, milimita 5. Chuma cha kawaida hutoka nyuzi ndefu zinazojikunja, nacho kinataka mwanya kama upana wa biti wenyewe au zaidi kidogo. Ukibana mwanya, nyuzi zitapanda ndani ya bushi na kuisaga, biti itaungua, na kijana atalaumiwa kwa kosa lako. Ukiuachia sana, biti itatangatanga kabla haijagusa flenji, na jigi haitakusaidia kitu.

Tano: nenda jalalani

Pini za jigi zinatakiwa ziwe ngumu, nyoofu, na za vipimo vya uhakika. Kuzinunua ni ghali na kuzitengeneza ni kazi. Kwa hiyo tembea hadi kwa wauza vyuma chakavu, Gerezani au Kamukunji, na uombe bearing za rola zilizokufa. Rola zilizomo ndani zimekomazwa na kusagwa kiwandani kwa usahihi ambao karakana yako haitaufikia mwaka huu. Chagua zisizo na makovu, pima kila moja kwa maikromita, kisha toboa bamba kwa kuifuata rola uliyoipata. Usijaribu kuzikata kwa msumeno, utapoteza msumeno. Tumia grainda, na umwagie maji.

Bamba la juu litakaa juu ya la chini kwa rola mbili kama hizo. Ila rola mbili za duara ndani ya matundu mawili huleta ugomvi: matundu yakipishana umbali hata kidogo, bamba linakwama. Saga moja ya hizo rola pande mbili, zile zinazoitazama na kuipa mgongo rola mwenzake, mpaka ibaki nyembamba, yenye umbo la almasi. Sasa ya duara inashika mahali, ile nyembamba inazuia kuzunguka tu, na bamba linashuka lenyewe.

Sita: bana kwa adabu

Klampu si mahali pa kuonyesha nguvu. Kazi ya kuhimili biti ni ya bamba la chini, na klampu inazuia tu kipande kisitikisike. Panga biti isukume kuelekea chuma kilichotulia, kamwe isisukume kuelekea klampu. Bana pale ambapo chini yake kuna kituo. Ukibana penye uwazi, kipande chembamba kitapinda, utatoboa tundu zuri kabisa kwenye kipande kilichopinda, na ukifungua kitajinyoosha na tundu lake litakuwa limelala upande.

Kwa flenji zako, tumia bolti moja iliyosimama katikati ya kigingi, nati moja, na wosha iliyokatwa mdomo upande mmoja. Tundu la katikati la bamba la juu liwe kubwa kuliko nati. Legeza nati nusu mzunguko, vuta wosha kando, inua bamba, nalo linapita juu ya nati. Flenji inafuata, maana tundu lake pia ni kubwa kuliko nati. Nati haitoki kwenye bolti siku nzima, kwa hiyo haianguki, haivingiriki chini ya mashine, na haitafutwi kwa tochi. Katika dakika 8 ulizoahidiwa, sehemu nzuri inapatikana kwenye wosha hii.

Saba: muamini binadamu kwa alivyo

Kijana atachoka. Saa kumi jioni atakuwa anawaza daladala. Usimpe hotuba, mpe jigi isiyokubali kukosewa. Zile rola mbili za bamba zifanye za unene tofauti, ili bamba likigeuzwa lisiingie kabisa. Ukibandika karatasi ya maelezo ukutani, itasomwa siku ya kwanza tu. Rola nene kwenye tundu jembamba inakataa kila siku.

Mjapani Shigeo Shingo aliliona hili mwaka 1961 katika kiwanda cha Yamada Electric. Swichi ndogo ilitakiwa kuwekwa springi mbili, na wafanyakazi wakawa wanasahau moja. Hakuwagombeza. Aliwafanya waanze kwa kutoa springi mbili na kuziweka kwenye kisahani. Swichi ikikamilika na springi moja bado iko kisahanini, kosa linaonekana kabla swichi haijaondoka.

Kwa roho hiyo hiyo, jigi yako ipe miguu minne, si mitatu. Miguu mitatu husimama imara juu ya chochote, hata juu ya kipande cha chuma kilichojificha chini yake, na utatoboa kombo bila habari. Minne ikikanyaga uchafu inayumba, na kijana anaisikia mkononi. Chini ya kipande kibichi kilichotoka kusubiwa, tumia vituo vitatu, maana uso wake haujanyooka na utakaa popote. Chini ya jigi yenyewe, minne.

Nane: usidanganye kama Eli Whitney

Mwaka 1798 Whitney alichukua zabuni ya bunduki 10,000 kwa serikali ya Marekani, akaahidi kuzimaliza kwa miaka miwili. Mwaka 1801, muda umepita na kazi haijaisha, alikwenda mbele ya wakubwa, Thomas Jefferson akiwemo, akawaonyesha mitambo ya bunduki ambayo vipande vyake vilionekana kubadilishana. Walivutiwa, wakamwongezea subira. Bunduki ya mwisho ilitoka 1809. Wachunguzi wa baadaye walipozifungua bunduki zake zilizobaki, waliona vipande havibadilishani, na vingine vina alama za kuonyesha ni vya bunduki ipi. Alidanganya macho ya wateja, lakini chuma hakikudanganyika.

Mwige John Hall, aliyetengeneza bunduki huko Harpers Ferry. Yeye alichagua sehemu moja kwenye kila kipande, na kila fiksha ikashika hapo hapo, ili kosa la hatua moja lisirithiwe na hatua inayofuata. Vipande vyake vilibadilishana kweli. Wakaguzi wa serikali walivichanganya na kuviunga upya. Ndiyo maana nilikwambia flenji ishikwe kwa tundu la katikati mwanzo hadi mwisho. Kesho mteja akiomba ukingo wa nje nao ukerezwe, mwambie mkerezaji aishike kwa tundu lile lile.

Mwisho: makabidhiano

Toboa flenji ya kwanza mwenyewe. Ipime, iandike "mfano" kwa rangi, itundike juu ya mashine. Kisha mkabidhi kijana jigi, brashi ya kufagia vituo kila anapobadilisha flenji, na pini mbili za kupimia: moja ya milimita 10, nyingine ya 10.3. Ya kwanza iingie kila tundu, ya pili isiingie hata moja. Tundu likikataa ya kwanza au likikubali ya pili, asimamishe kazi akuite.

Mteja akija atapanga flenji, atashusha bolti, atasema, "Fundi, una mkono." Pokea sifa. Jigi isiwe mezani wakati huo. Igonge namba na jina la kipande, ipake grisi kwenye bushi, ifungie kabatini, na ufunguo ukae nao wewe. Miezi sita ijayo atarudi kutaka nyingine 300 na utampa bei ile ile, huku zile siku mbili za kutengeneza jigi zikiwa zimeshalipwa. Na jirani akija kuomba kuiazima "kwa nusu saa tu," mwambie imekwenda kusagwa.