Mlangoni Kuna Nini?

Mwaka 1966 mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward T. Hall, aliandika kuwa umbali wa chini ya sentimita 45 ni wa wapenzi na watu wa karibu kabisa. Hakuyaandika hayo ndani ya basi la mwendokasi la asubuhi, Kimara kwenda Kivukoni, ambamo kila mtu ana kwapa la jirani usoni.

Na katikati ya basi pana nafasi!

Abiria wa Kivukoni, kituo cha mwisho, kaganda mlangoni kama aliyeajiriwa kuulinda, begi mgongoni, simu sikioni. Akiombwa asogee, anasogeza shingo. "Nashuka hapo mbele," anajibu. Basi ndiyo kwanza linaingia Ubungo.

Ndugu abiria, mlango hauibiwi. Sogea ndani, na hilo begi livae kifuani.