Mzigo Wako Uko Njiani

Shangazi yangu wa Mombasa hana imani na mzigo usiobebwa na mtu anayemjua kwa jina. Miaka yote niliyoishi Kampala, akitaka kuniletea halwa au achari ya maembe, huenda mwenyewe kwenye ofisi ya mabasi, akamtafuta kondakta, akamuuliza hali ya mamake, kisha akamkabidhi boksi lililofungwa kamba ya katani na kuandikwa namba yangu ya simu kwa maka peni kila upande, hata chini. Basi likiingia Kampala kondakta hunipigia. Naenda mjini, naonyesha kitambulisho, nachukua halwa yangu, narudi. Hakuna aliyeniahidi kitu, basi hakuna wa kunivunjia ahadi.

Safari hii binti yake akaingilia kati. Binti ana programu za kila namna kwenye simu, na mambo ya kondakta na mamake kondakta anayaona ya kizamani. Kuna kampuni, alisema, inaufuata mzigo nyumbani kwa anayetuma na kuufikisha mlangoni kwa anayetumiwa, siku mbili hadi tatu za kazi, na mwenyewe unaufuatilia hatua kwa hatua kwenye intaneti. Kampuni sitaitaja. Wenyewe wakisoma hapa watajijua, ingawa kwa mwendo wao sidhani kama jarida hili litawafikia mwaka huu.

Mzigo wenyewe ulikuwa kanzu. Mwalimu mwenzangu alikuwa anakwenda kwanjula huko Mukono, siku ambayo binti wa Kiganda humtambulisha mchumba wake kwa wazee mbele ya halaiki, na mimi nimo katika msafara. Wanaume wote huvaa kanzu na koti juu. Vazi hilo Waganda walilipata karne ya 19 kwa wafanyabiashara waliotoka pwani, kwa hiyo mimi, mtu wa pwani, niliona aibu kwenda ukweni na kanzu ya dukani Kampala. Nilitaka iliyoshonwa kwetu, yenye tarizi ya mkono shingoni, wajue kwamba leo mali imeletwa na wenye kiwanda.

Jumatatu kanzu ikaondoka Mombasa. Jumatano mtandao ukasema iko Malaba, "inashughulikiwa na forodha". Sikushtuka. Malaba naijua, malori hupanga foleni pale mpaka madereva wakajuana kwa ukoo. Nikajipa moyo kwamba itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010, na kituo cha mpakani siku hizi ni kimoja kwa nchi zote mbili. Kanzu moja haihitaji kikao cha mawaziri. Alhamisi ikawa bado inashughulikiwa. Ijumaa vivyo hivyo. Jumapili usiku maneno yakabadilika: "Mzigo wako uko njiani." Nilifurahi hata nikaitafuta pasi. Jumatatu ulikuwa njiani. Jumanne ulikuwa njiani. Njia ipi, hawakusema.

Sasa mimi naishi Kyaliwajjala, kwenye barabara ya kwenda Namugongo, na huo ulikuwa mwisho wa Mei. Anayeijua Kampala ameshaelewa. Tarehe 3 Juni ni siku ya Mashahidi wa Uganda, wale vijana wa jumba la Kabaka Mwanga waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886, na mahujaji huja kwa miguu kutoka Mbarara, kutoka Fort Portal, kutoka Kitgum, na kutoka ng'ambo ya mpaka. Siku kadhaa kabla ya sikukuu yenyewe barabara yetu inakuwa yao: rozari shingoni, kidumu cha maji mkononi, na viatu vilivyokata tamaa tangu Iganga.

Alhamisi jioni nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye ukingo wa mtaro, karibu na kibanda cha rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, akikanda nyayo. Nikamsalimu kwa Kiganda, akaniitikia kwa Kiswahili: anatoka Bungoma, Kenya. Kwa miguu, mzee wangu? Kwa miguu. Amevuka sitini na huu si mwaka wake wa kwanza kuja. Nikamuuliza alivuka mpaka lini. Alhamisi iliyopita, akasema, hapo Malaba, na maafisa walikuwa watu wema sana, walimwekea maji ya kunywa.

Nilinyamaza kidogo. Alhamisi iliyopita kanzu yangu ilikuwa hapo hapo Malaba ikishughulikiwa. Wameonana wale wawili! Mmoja akaja kwa gari na mwingine akaja kwa fimbo, na wa fimbo ndiye niliyekuwa nazungumza naye. Nilimnunulia rolex mbili na soda. Nusura nimwachie na namba ya mzigo, maana wakati wa kurudi angepita njia ile ile.

Ijumaa, siku moja kabla ya kwanjula, niliomba ruhusa shuleni nikakaa barazani tangu asubuhi, simu mapajani, imejaa chaji. Mbwa hakubweka. Geti halikugongwa. Saa sita mchana simu ikalia kengele ya ujumbe: "Tulijaribu kukufikishia mzigo wako leo. Mpokeaji hakupatikana."

Nikapiga. Baada ya muziki mrefu akapokea binti mwenye sauti laini.

"Gyebale ko, ssebo. Mtu wetu wa boda alifika kwako saa nne."

"Kwangu wapi?"

"Kwenye geti jeusi, ssebo. Akagonga sana."

Hapa lazima nieleze habari ya geti jeusi. Fomu ya kampuni ilitaka jina la barabara na namba ya nyumba. Katikati ya mji hayo yapo, na watu wanayagombania hasa: mwaka 2025 Mahakama Kuu iliagiza majina ya kikoloni yaondolewe kwenye barabara za Kampala, na mjadala wa nani apewe barabara gani ukawasha redio zote. Kichochoro chetu hakina mkoloni wala shujaa. Hakina jina kabisa. Kwa hiyo binti wa shangazi aliandika nilichomtajia: Kyaliwajjala, ukielekea Namugongo, kata kushoto kwenye kibanda cha rolex, nyumba ya tatu, geti jeusi. Ni maelezo kamili kwa mtu wa mtaani. Lakini vibanda vya rolex viko vinne kwenye kipande kile cha barabara, kimojawapo huhama mvua ikinyesha, na Kampala hii geti ambalo si jeusi huenda ni la ubalozi.

Mpanda boda wa steji yetu hayamsumbui hayo. Yeye anakupigia, "Ssebo, niko kwenye rolex," unamuuliza rolex ya mwenye kofia nyekundu au ya yule mnene, mnaelewana, unatoka nje na ndala unapunga mkono. Huo ndio utaratibu wa mji huu na haujawahi kumpoteza mtu. Kampuni za vifurushi nazo zinautegemea, ila hazisemi. Zinauza ramani na mlango kwa mlango, lakini mwisho wa safari ramani ni wewe, mwongozaji ni wewe, anayesimama juani kwenye njia panda akipiga mbinja ni wewe. Wao wanapokea nauli. Mfanyakazi wao wa zamu, asiye na mshahara wala fulana ya kampuni, ni mpokeaji. Na mfanyakazi huyo siku ile alikuwa kazini tangu alfajiri, akisubiri tu aambiwe asimame wapi.

"Dada, mbona hakunipigia?"

"Bambi, ssebo. Pole sana. Labda hakuwa na salio."

Hilo "bambi" ndilo linalonimaliza. Huwezi kumgombeza mtu aliyekuonea huruma kwa dhati namna ile. Akaniahidi kulifikisha suala langu kwa wahusika. Nikapiga baada ya saa moja; mhusika alikuwa ametoka kwenda kula. Nikapiga jioni, mhusika alikuwa bado anakula. Nilipopiga mara ya mwisho niliambiwa, kwa huruma ile ile, kwamba kwa sababu ya mahujaji na barabara kufungwa, eneo langu litahudumiwa baada ya tarehe 3.

Jumamosi nilikwenda Mukono na kanzu ya kukodi. Mwenye duka alibakiwa na moja tu, ya mtu mfupi mwenye kitambi. Ilikuwa inanizunguka kiunoni na kuishia katikati ya muundi, soksi zote nje. Kwenye kwanjula upande wa bibi harusi huwa na msemaji ambaye kazi yake ni kuwatania wageni na kuwatoza faini za uongo na kweli. Bwana yule aliniona kabla sijakaa. Akasimamisha shughuli, akawauliza wenzangu kama mimi ndiye bwana harusi au ni mdogo wake anayeendelea kukua, kisha akanitoza faini ya kuja ukweni kuonyesha miguu. Nililipa. Jirani yangu akanidokeza, kwa nia njema, kwamba watu wa pwani ndio huuza kanzu nzuri.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza habari ya barua ya Stanley. Aprili 1875, akiwa kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, Henry Morton Stanley aliandika barua ya kuwaita wamisionari waje Buganda, akamkabidhi Linant de Bellefonds, Mzungu mwenzake aliyekuwa anarudi kaskazini kwa njia ya Nile. Linant aliuawa na Wabari mwaka huo huo. Ipo hadithi kwamba barua ilikutwa ndani ya buti la marehemu. Wanahistoria wana shaka nayo, mimi naipenda hivyo hivyo. Lisilo na shaka ni kwamba Novemba 1875 barua ilichapishwa London katika Daily Telegraph. Miezi saba, mbeba barua amekufa, na mzigo umefika. Hakuna aliyeandika kwamba mpokeaji hakupatikana.

Na mwaka 1895, huko Mengo, mchungaji Ernest Millar alizitengeneza stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta yake, moja moja, bei yake ikihesabiwa kwa kauri. Posta nzima ilikuwa taipureta moja na mtu mwenye bidii. Hawa wangu wana kompyuta, programu, na binti wa kusema bambi.

Tarehe 3 ikapita, mahujaji wakarudi makwao, na nadhani mzee wa Bungoma alikuwa ameshafika Tororo nilipoamua kwenda ofisini kwao mwenyewe. Nyuma ya kaunta alikaa kijana anatazama mpira kwenye simu. Nilianza kwa Kiingereza cha upole. Akaniambia nisubiri, bila kuinua macho. Nikajaribu Kiganda changu. Nisubiri. Ndipo hasira zikanipanda na Kiswahili kikatoka chenyewe, kwa sauti ninayoitumia darasa la watoto tisini: "Kijana! Mzigo wangu uko wapi? Nautaka hapa, sasa hivi!"

Kiswahili Uganda kina historia yake. Tangu enzi za jeshi la kikoloni, King's African Rifles, ni lugha ya kambini. Idi Amin alitoa amri mwaka 1973 kiwe lugha ya taifa, na waliokisema kwa ukali siku hizo walikuwa na bunduki. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi, na kwa ajili hiyo shule zinatutafuta sisi walimu. Lakini hata leo Kampala ukifoka kwa Kiswahili, mtu kwanza hukutazama viatu. Vyangu vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi, vya ualimu.

Kijana akasimama wima. "Ndiyo, afande. Samahani, afande."

Sikumsahihisha. Hakuhitaji namba ya mzigo, fomu wala mhusika. Aligeuka nyuma, akanyoosha mkono kwenye rafu iliyokuwa juu ya kichwa chake, akalishusha boksi lenye kamba ya katani na namba yangu ya simu kwa maka peni pande zote sita. Shangazi hakuwaamini hata kidogo. Nikauliza lilifika lini. Akatazama kitabu. Ijumaa ile ya kabla ya kwanjula lilikuwa limelala rafuni asubuhi hadi jioni. Boda hata hakupewa.

Nilipotoka nje simu ikalia. Ujumbe: "Mzigo wako umefikishwa mlangoni. Tafadhali tupe nyota." Sikuwapa. Nilimpa kijana mkono, maana mwishowe yeye ndiye aliyefanya kazi, nikapanda boda.

Kwa wenye kampuni nina ombi moja. Sidai siku mbili, wala tatu. Malaba ni Malaba na Namugongo ni Namugongo, sote tunaishi humu. Lakini kabla hamjaandika kwamba mtu hakupatikana, mpigieni. Na kama mpanda boda hana salio, mwambieni abipu tu. Nitampigia mimi.